Hodi Tatu za Mzee Mwinshehe

Tarehe 31 Machi 1956, Mzee Mwinshehe Kondo anastaafu kazi ya kuongoza wageni katika Ofisi ya Matembezi ya Tierney, hapa Dar es Salaam, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa mwaka 1927, ofisi ikiwa na chumba kimoja pale Kivukoni, meza moja na lori la kukodi lililopigiliwa mabenchi. Anaiacha ikiwa na mabasi mawili, wafanyakazi wa kutosha kugombana, na choo cha ndani. Katika muda huo wote amewatembeza abiria wa meli wasiohesabika na hajampoteza hata mmoja, ukimwacha yule bwana wa Kidachi aliyesinzia chini ya mnazi kule Mtoni, ambaye hata hivyo alirudi mwenyewe jioni juu ya mkokoteni wa mkaa, akiwa na furaha kuliko wenzake.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu mimi Apolinari, dereva wake tangu mwaka 1934, kwa kuwa nimekaa naye bega kwa bega kuliko mtu yeyote humu ofisini. Wengine wanamjua kwa sura. Mimi namjua kwa kikohozi. Nimeambiwa niandike kwa adabu na nisitie chumvi. La adabu nitajitahidi.

Mzee Mwinshehe ni Mzaramo wa Temeke, mtoto wa mkulima wa minazi. Alianza kazi bandarini akibeba mizigo, na huko ndiko alikojifunza Kiingereza, kwa mabaharia. Kilikuwa Kiingereza chepesi na cha haraka, ila ilibidi kwanza kifuliwe na kuanikwa kabla hakijaweza kutumika mbele ya mabibi.

Aliyekifua ni Bibi Tierney, mwanzilishi wa ofisi hii, ambaye watu wa mjini walimwita Bibi Tieni. Alikuwa mjane kutoka Ayalandi, mji mdogo uitwao Ballycorrin. Kwa maelezo yake mwenyewe, mji ule ungeweza kuuzunguka wote na kurudi chai yako haijapoa. Ulikuwa na daraja la mawe, mnara uliobomoka, mto wenye samaki, soko la Alhamisi, na kisima ambacho watu hukizunguka wakisali. Basi. Lakini kila mwaka jua lilipotoka, kwa zile siku chache linapotoka huko, wageni walikuja kutoka mbali kuutazama mnara, wakapanda kilima, wakanunua soksi za sufu, wakaingia jikoni kwa watu wakapewa chai na mkate, na wakaondoka wakisema hawajapata kuona mahali pazuri kama pale.

Bibi Tierney alipofika Dar es Salaam aliona abiria wa meli wakishushwa, wakionyeshwa bustani ya maua na nyumba kubwa kubwa za Serikali, kisha wakarudishwa melini. Akasema hapana. Kama watu wanavuka bahari kwenda kutazama mnara uliobomoka wa Ballycorrin, kwa nini wasitazame makaburi ya kale ya Msasani? Kwa nini wasivushwe hadi Kigamboni wakaona magofu ya Mbuamaji? Kwa nini wasipelekwe Pugu wakasimama mlimani? Akashuka gatini akauliza makuli ni nani azijuaye sehemu za nje ya mji. Inasemekana wote walimwonyesha kidole Mwinshehe. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa ameshanyanyua mkono kabla swali halijaisha.

Siku ile ile akamuuliza Bibi Tierney juu ya Ballycorrin: daraja lina matao mangapi, mwokaji mikate anakaa upande gani, kisima kinazungukwa kuliani au kushotoni. Alitaka kujua wageni wanatarajia nini, ili awape cha kwetu kinachofanana nacho. Akavishika vyote kichwani. Tangu hapo, alipokuwa akiwasimamisha wageni mbele ya makaburi ya Msasani, alianza kwanza kwa kuwaeleza mnara wa Ballycorrin, na wengi walioondoka hapa wakidhani wametembea Tanganyika, kwa hakika walitembezwa pia Ayalandi bila nauli ya ziada.

Mwaka 1938 padri mmoja aliyezaliwa jirani na mji huo alipanda basi letu. Mzee Mwinshehe akamuuliza kama paa la soko limekwishatengenezwa. Padri akasema soko halikuwa na paa. Mzee akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba lilikuwa nalo, upande wa mto, ila yeye labda aliondoka akiwa mdogo. Wakabishana kutoka Kinondoni hadi Kivukoni. Tulipofika, Bibi Tierney akaulizwa, na padri akashindwa. Mzee hakujigamba. Aliniimbia tu njia nzima wakati nikimpeleka nyumbani.

Kazi ya kuwaonyesha wageni mambo ya kufanya, siyo ya kutazama tu, ilikuwa na balaa zake. Aliwafundisha kusuka ukili, kupepeta mchele kwa ungo, na kucheza bao, ambamo kila mara walifungwa na mabibi wasiotazama hata ubao. Penye taabu zaidi palikuwa kwenye kukuna nazi. Kile kibao chenye jino la chuma sisi sote tunakiita mbuzi, na Mzee, mwaminifu katika tafsiri, aliwaambia wageni wake wa kwanza kuwa sasa kila mmoja atakaa juu ya mbuzi na kukuna. Bwana mmoja mnene akavua koti, akakunja suruali, akatoka uani kumtafuta mnyama. Alimpata, maana Temeke mbuzi hawakosekani. Mbuzi yule hakukubali.

Uaminifu huohuo katika tafsiri ndio uliozaa jambo kubwa kuliko yote katika kazi yake, nalo lilianza kwa kosa. Mimi sikuwapo. Nimelisikia kwa watu watatu kwa namna tatu, na nimeichagua ile inayochekesha.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza, huko Temeke. Kulikuwa na arusi. Masinia ya pilau yalikuwa yamekwishapangwa uani yakiwangoja watu wa bwana arusi, na wanawake wa jikoni walikuwa wameketi pembeni wakionja. Mwinshehe akapita njiani na wageni wake tisa kutoka melini. Wale wanawake, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu anayekula akiona watu wanapita, wakasema, "Karibuni!" Nasi sote tunajua jibu lake. Unasema starehe, au ahsanteni endeleeni, unatabasamu unapita. Ukizidi sana unainama, unachukua tonge moja la kutia baraka, unashukuru, unakwenda zako.

Wageni wakauliza wale mabibi wamesema nini. Mwinshehe akawatafsiria neno kwa neno: wanasema karibuni mle. La kupita halikumjia kichwani kulisema, kwa maana nani aliwahi kufundishwa? Wazungu tisa wakavua kofia, wakakaa mkekani, wakala. Walikula sawasawa. Bibi mmoja akaomba aongezwe. Hakuna aliyewazuia, kwani utaanzaje kumnyang'anya mtu tonge baada ya kumwambia karibu?

Msimamizi wa jiko alikuwa Bibi Mwajabu, shangazi yake bibi arusi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Siku hiyo hakusema kitu. Alimtazama Mwinshehe tu. Mzee anasema jicho lile hakuliona tena mpaka alipooa. Punde ngoma zikasikika, watu wa bwana arusi wakaingia, wakakuta masinia meupe na wageni wakiwapigia makofi. Ikabidi kuanza upya kuwasha moto. Mwinshehe alimenya vitunguu mpaka akalia, na wengine wakadhani analia kwa aibu, jambo ambalo lilimsaidia.

Kesho yake Bibi Mwajabu alikuja kwa miguu hadi Kivukoni, akaingia ofisini, na maneno aliyosema bado yanatajwa. "Watu wenu kama wanataka kula kwetu, sawa, waje. Lakini waje kama wageni. Wapige hodi, wangoje, wakaribishwe. Siyo kuwaokota njiani kama kuni na kunimwagia kwenye pilau!"

Bibi Tierney alipotafsiriwa maneno hayo, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kumbe ndivyo ilivyo kwao Ballycorrin. Mnara wanautazama mara moja. Jikoni kwa watu ndiko wanakokukumbuka. Hapo ndipo yalipozaliwa Matembezi ya Nje, ambayo jina la ofisi yetu limesimama juu yake: nyumba ya Bibi Mwajabu Temeke, nyumba nyingine Kinondoni, na nyingine Msasani, ambazo wageni wetu huingia, hukaa mkekani, hufundishwa kazi, hula, huaga. Ofisi hupeleka mchele na sukari mapema. Lakini mlango ni wa mwenyewe, na anaweza kuufunga siku yoyote.

Mzee Mwinshehe akaifanya hodi kuwa sheria ya kazi. Hakuleta jambo geni. Ni lile kila mtoto wa pwani anafundishwa. Unasimama nje ya kizingiti, huchungulii, unapiga hodi. Kimya, unapiga ya pili. Kimya, ya tatu. Kimya tena, unageuka unakwenda, hata kama mlango uko wazi na sufuria inachemka. Pengine kuna msiba. Pengine kuna ugomvi wa mke na mume na wanataka kuumalizia. Pengine hawakutaki leo, na hiyo ni haki yao.

Mwaka 1936 sheria hii ilituponza. Tulikuwa na mkubwa mmoja, jina nimelihifadhi, na mkewe, na watu wengine wa heshima. Mzee akapiga hodi tatu kwa Bibi Mwajabu. Kimya. Akageuka, akawaambia wapande gari, tunarudi. Mkubwa akasema mbona mlango uko wazi. Mzee akajibu kwamba mlango uko wazi, lakini nyumba imefungwa. Uso wa yule mkubwa ulibadilika rangi mpaka nikaogopa. Ofisi ikaletewa malalamiko, na Mzee akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Siku ya tatu yake, Bibi Mwajabu huyoo, Kivukoni tena. Alikuwa ana hasira, lakini si na ofisi. "Nilikuwa bafuni!" alimwambia Mzee, aliyekuwa ameitwa. "Sabuni imenijaa machoni. Nafungua kinywa niitike, nameza povu. Hodi gani zile, mtu anazipiga kama anafukuzwa na nyuki?" Pakakaliwa kikao pale pale, Bibi Tierney akiwa hakimu. Ikaamuliwa kwamba hodi zitabaki tatu, ila baina ya moja na nyingine iachwe nafasi ya mtu kujimwagia kata mbili za maji. Mzee akarudishwa kazini mchana ule. Ndiyo maana mpaka leo wageni wetu husimama muda mrefu mlangoni kwa kimya, na wapya wakadhani tunasali. Wapo wanaovua kofia.

Wakati wa vita, meli za abiria zilipokoma, ofisi ilibaki na watu wanne tu. Mzee aliwatembeza askari waliokuwa mapumzikoni. Vijana wale hawakutaka makaburi wala magofu. Walitaka kukaa kwenye nyumba yenye mama, wakaulizwa kama wamekula. Aliwapeleka, na hodi ilikuwa ile ile kwa koplo kama kwa kanali. Nakumbuka mmoja alilala mkekani kwa Bibi Mwajabu, na kaya nzima ikaongea kwa kunong'ona mpaka alipoamka.

Bibi Tierney alirudi kwao mwaka 1951. Alimwomba Mzee afuatane naye akaione Ballycorrin kwa macho, gharama juu yake. Mzee alishukuru sana, akasema ile ameshaimaliza, na isitoshe kuna mvua. Walipoagana gatini hakuna aliyecheka.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo wengi mmelisikia nusunusu.

Meneja wetu mpya, Bwana Pell, si mtu mbaya. Nasema hivyo akiwa anasoma. Ni mtu wa saa, na saa na hodi hazikai chungu kimoja. Alipojua kuwa Mzee anakaribia kustaafu, alimwita, akamsifu sana, kisha akamweleza kwamba Matembezi ya Nje yatakoma siku atakayoondoka. Wageni watapelekwa makumbusho, bustani, na ufukwe wa Oyster Bay, warudi kwa wakati. Sababu yake ilikuwa sifa. "Wanakufungulia wewe," alimwambia. "Nani mwingine watamfungulia?"

Mzee alitoka mle ndani akaja gereji. Nilikuwa chini ya basi. Nikaona viatu vyake vimesimama tu. Nilipotoka nilimkuta uso umemwanguka, nami sijawahi kumwona hivyo hata siku alipofiwa.

"Apolinari," alisema, "ikiwa anayosema ni kweli, basi mie miaka yote hii sikuwa nawafungulia wageni mlango. Nilikuwa naufunga nyuma yangu."

Nilimpa chai.

Kesho yake alirudi kwa Bwana Pell na ombi. Katika safari yake ya mwisho, yeye akae garini afunge mdomo, na aongoze mwenzake kijana, Gozbert. Bibi Mwajabu akimpokea Gozbert, matembezi yaendelee. Asipompokea, yafe, na hatalalamika mtu. Bwana Pell akakubali, akasema yeye mwenyewe atapanda basi siku hiyo.

Gozbert mnamfahamu. Ni kijana wa kwetu Bukoba, Kiingereza chake kimepigwa pasi, na abiria wanampenda. Alikuwa na ila moja tu: hodi yake ilikuwa ikiingia pamoja na mguu. Akitamka "ho" yuko nje, akifika "di" ameshakaa kitini. Wiki zote za Februari Mzee alimfundisha kwa milango ya hapa ofisini. Alipiga hodi stoo. Alipiga hodi chooni, watu wakiwa na haraka zao nyuma yake. Siku moja alimpelekea Bwana Pell chai, akapiga hodi tatu na nafasi zake zote, na Bwana Pell, aliyekuwa kwenye simu, hakuitika. Gozbert akageuka na chai akaondoka nayo. Bwana Pell aliitafuta chai hiyo jengo zima. Nyumbani kwangu ndiko alikotahiniwa vikali: mke wangu Kokushubila alikaa jikoni akakataa kuitika siku mbili mfululizo, wakati ndizi za kijana zimeshapakuliwa, naye anazisikia harufu. Ya tatu akaitika, kwa huruma.

Jumatano iliyopita tukaondoka. Basi lilikuwa limejaa abiria waliotoka melini asubuhi, Bwana Pell akiwa benchi la pili na saa yake mkononi. Mzee Mwinshehe alikaa pembeni yangu kwa kanzu safi na kofia mpya. Alikuwa ametia tambuu kinywani ili mdomo uwe na kazi. Msasani tulikaribishwa kwa hodi ya kwanza, lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama nje akitungoja, kwa hiyo haikuhesabiwa. Kinondoni tuliambiwa wenyewe wameitwa kwenye arusi Magomeni. Kila kitu kikabaki Temeke.

Tukafika kwa Bibi Mwajabu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Moshi wa jikoni ulionekana juu ya makuti, na harufu ya nazi na iliki ilitufikia mpaka garini. Gozbert akawapanga wageni, akasimama nje ya kizingiti, akatazama pembeni kama alivyofundishwa.

"Hodi!"

Kimya. Akaacha nafasi yake, kata mbili kamili.

"Hodi hapa!"

Kimya. Mzee aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshika usukani na gari limezimwa.

"Hodi wenyewe!"

Kuku mmoja alitoka, akatutazama, akarudi ndani. Basi.

Bwana Pell akainuka, akaenda hadi pale alipo kijana, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba mlango uko wazi na chakula kinapikwa, kwa hiyo watu wapo, aingie. Wala hakusema kwa ubaya. Nadhani mwenyewe alishaanza kutaka ifanikiwe. Gozbert akageuka kumtafuta Mzee kwa macho. Mzee alikuwa anatazama magoti yake.

Kijana yule alijua akiondoka pale ameyaua matembezi, na kazi yake ameiua pamoja nayo. Hatua moja tu, na wageni wangekula, meneja angeridhika, na kila mmoja angesema Gozbert amefaulu. Kisha akawageukia wageni akawaambia, kwa kile Kiingereza chake kizuri, kwamba nyumba haikuitika, na kwa desturi ya hapa sasa tunaondoka, na anaomba radhi.

Wakaanza kupanda. Bibi mmoja mwenye kofia pana aliniuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya matembezi. Nikawasha gari. Mzee aliweka mkono wake begani kwa Gozbert aliyekuwa amesimama ngazini, akaubana, lakini bado hakusema neno, kwa sababu alikuwa ameahidi.

"We kijana! Unanipelekea wapi wageni wangu?"

Bibi Mwajabu alikuwa mlangoni, amejifunga kanga mbili, ameshika mwiko. Amezeeka sana sasa, ila sauti iko pale pale.

Gozbert akashuka. "Shikamoo, Bibi. Nimepiga hodi tatu, hamkuitika."

"Marahaba. Zote nimezisikia. Niko hapa nyuma ya mlango, nimejiziba mdomo kwa kanga mpaka pumzi zinanikatika." Akamtazama kijana juu mpaka chini, kisha akamtazama na Bwana Pell. "Nilitaka nijue kitu kimoja. Akishaondoka Mwinshehe, mlango huu utakuwa wangu bado, au utakuwa wa ofisi? Haya, nimeshajua. Karibuni! Karibuni nyote, chakula kinapoa!"

Wageni wakashuka tena wakicheka, wasijue wanacheka nini. Gozbert aliwaingiza mmoja mmoja, na machozi yake aliyafutia mkono wa shati. Bwana Pell aliitazama saa, akaitia mfukoni. Nilikuwa nimekwishazima gari na kushuka, na pale pale kizingitini akanishika mkono akasema meli ijayo twende tena, Gozbert mbele. Ninaiandika ahadi hiyo hapa ili ipigwe chapa.

Mzee alikuwa bado garini. Bibi Mwajabu akamfuata hadi dirishani. "Na wewe unangoja nini? Wameshapata mtu wao. Kazi huna. Shuka ule."

Akashuka taratibu. Akatema tambuu, akafuta midomo, akanyoosha kanzu. Akafika kizingitini, akasimama nje yake, akageuza uso pembeni, na kwa sauti ile ile tunayoijua sote akasema, "Hodi."

"Toka hapa!" Bibi Mwajabu akampiga bega kwa mwiko. "Mtu gani anapiga hodi kwake?"

Mzee Mwinshehe Kondo akalia, mbele ya wageni, mbele ya meneja, mbele yangu. Kisha akaingia.

Mzee wetu, kwa niaba ya Ofisi ya Matembezi ya Tierney, madereva, makarani, wapishi, na wenye nyumba wa Temeke, Kinondoni na Msasani, tunakushukuru kwa moyo wote. Ahsante kwa subira yako, kwa utani wako, na kwa kutufundisha sisi watu wa bara kusimama mlangoni. Mimi mwenyewe nitakukosa kila asubuhi, na sioni haya kusema hivyo. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na king'ora cha meli, na miaka mingi ya kukaa kwenye baraza yako mwenyewe, watu wakija kukusalimu. Maisha mema, Mzee Mwinshehe. Sasa ni zamu yako kusema karibu.